Mhariri, tuondoe waya chini kabla hatujampiga mbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua barua yangu ni ndefu lakini hii habari ya mbwa na waya za umeme imenikaa rohoni na naona watu wanaizungumza kama kitu cha kuchekesha, eti kijibwa kimekula chaja, kinachapwa, kinafungwa mnyororo, yanaishia hapo. Mimi ni fundi umeme hapa Walukuba, Jinja, Uganda, na nafuga mbwa, kwa hiyo hili jambo naliona pande zote mbili. Ninachotaka kusema ni kimoja tu: mbwa anayetafuna waya hafundishwi kwa fimbo. Waya ndo unaondolewa asiufikie, na kazi hiyo ni ya mwenye nyumba, ya mpangaji na yetu sisi mafundi.

Kwanza mjue kwa nini anatafuna. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni, na akifika kama miezi mitatu au minne yanaanza kung'oka yapishe 42 ya ukubwani, mpaka miezi sita au saba ndo yanakuwa yametimia. Muda wote huo fizi zinamsumbua, anatafuta kitu cha kuuma, na waya una kila anachokitaka, sio mgumu sana, unaning'inia sawa na mdomo wake, akiuvuta unacheza, na unanuka mikono yetu, mikono ambayo saa nyingine imetoka kwenye sahani ya mukene, yaani dagaa. Hajui kama ndani kuna volti 240. Akishapita umri huo na bado anatafuna hapo shida ni nyingine, mara nyingi upweke na kukaa bure. Mbwa wengi huku kwetu wamewekwa kwa ajili ya ulinzi, mchana kutwa amefungiwa, watu wako kazini, watoto shule, hajatembea, hajacheza, ameachiwa posho (ugali) ya jana kwenye sufuria, sasa hizo nguvu atazipeleka wapi?

Alafu tuangalie nyumba zenyewe. Sisi watu wa Jinja tunakaa karibu na bwawa lililofunguliwa mwaka 1954, lile la Owen Falls ambalo siku hizi ni Nalubaale, lakini nyumba nyingi za zamani hapa ziliwekewa waya za balbu na redio, soketi moja chumba kizima. Na mizigo mipya, yaani vyumba vya kupangisha, inayojengwa Kampala na huku kwetu haina tofauti kubwa, chumba kimoja, soketi moja karibu na mlango. Sasa kuna friji, tivii, birika, pasi, simu za watu wanne, na spika ya muziki. Kwa hiyo inanunuliwa ekstensheni moja, ikijaa inachomekwa ekstensheni ya pili kwenye ile ya kwanza, waya zinapita chini ya kitanda, nyuma ya kochi, zinavuka mlango. Hata wale ambao kwa sababu ya dini hawaruhusu mbwa kuingia ndani hawajasalimika, maana kuna waya umetolewa dirishani kupeleka balbu ya ulinzi uani, unaning'inia pale pale mbwa anapolala.

Kitu ambacho sioni kikizungumzwa kabisa ni umeme ukienda. Umeme ukienda, au yuniti za Yaka, ile mita ya kulipia umeme kabla, zikiisha, waya unakuwa hauna kitu. Mbwa anautafuna raha mustarehe, hapigwi na umeme, anamenya ganda mpaka shaba inaonekana, akichoka anaenda kulala. Hakuna aliyeona maana ni giza au watu hawapo. Baadae umeme unarudi usiku, au baba anatoka kazini ananunua yuniti kwa simu anaingiza namba kwenye mita, na ule waya uliomenywa unapata moto, yaani umeme, pale pale chini nyuma ya kochi, ambapo mtoto anatambaa na mama anapiga deki. Tena mbwa mwenyewe ameshajifunza kwamba kile kitu hakina neno, kesho anakirudia kikiwa na moto.

Niliitwa nyumba moja hapa hapa Walukuba kuangalia taa ya sebuleni, yuniti zilikuwa zimeisha, mama mwenye nyumba ameshika simu anasubiri namba za tokeni. Nikasogeza friji nipate pa kuweka ngazi, nikaona waya wake. Ganda la nje jeusi limenyofolewa urefu wa kiganja, ndani waya wa kahawia una alama za meno mpaka shaba inang'aa, wa bluu umebanwa lakini haujatoboka, wa kijani na njano umekatika kabisa. Nikamwambia "Mama, ngoja kwanza, usiingize hizo namba." Ule wa kijani na njano ndo wa arthi, wa kupeleka ardhini umeme uliovuja, kwa hiyo lile bati la friji lilikuwa limebaki bila kinga, na waya wa moto uko wazi karibu kabisa na hilo bati. Umeme ungerudi, ukagusana, na mtu akaja kufungua friji miguu pekupeku kwenye sakafu ya simenti... Kajibwa kenyewe kalikuwa kamelala juu ya gunia mlangoni, kazima, kanatingisha mkia. Yule mama alikaa kwenye kiti akamwita mtoto wake mdogo aje amshike, hakusema kitu kwa muda.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa wasomaji: umeme ukienda, zima swichi za soketi, chomoa plagi zisizo za lazima, na kabla hujawasha tena au hujaingiza tokeni pitisha macho kwenye waya zote anazozifikia mbwa. Ni dakika chache tu. Wengi tunaacha kila kitu kimechomekwa ili tujue umeme umerudi, acheni balbu moja iwajulishe.

Wengine wananiambia, fundi mimi nina ile breka ya kukata umeme unaovuja, mbwa wangu hawezi kufa. Ni kifaa kizuri, natamani kila nyumba iwe nacho, kile cha miliampia 30, na kina kitufe cha kukijaribu, kibonyezeni mara kwa mara muone kama bado kinakata. Lakini mjue kinavyofanya kazi. Kinalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ukirudi pungufu kwa sababu mwingine umepita mwilini ukaenda ardhini, kinakata. Sasa mbwa akiuma waya meno yakagusa wa kahawia na wa bluu kwa pamoja, umeme unatoka huku unapita kwenye ulimi unarudi kule, hesabu inakuwa sawa, kifaa kinaona hakuna kilichovuja. Na fyuzi ya kwenye plagi ndo kabisa, ile ya ampia 13 imewekwa ili waya usiungue, haikuwekwa kumwokoa mtu wala mnyama.

Ukimkuta mbwa ameuma waya amekakamaa, usimguse. Najua roho inauma na mkono unataka kwenda wenyewe, lakini misuli ya taya inajikaza anaweza kushindwa kuachia, na ukimshika umeme unahamia kwako. Zima swichi ya soketi kama unaifikia bila kumgusa, kama haifikiki kimbia kwenye meini swichi. Ukishindwa zote simama pakavu, vaa ndala za mpira au viatu vikavu, chukua mpini mkavu wa ufagio, wa mbao au plastiki, usogeze waya mbali nae. Maji usimwage. Umeme ukishakatika ndo unamsogelea uangalie anapumua, na umshike taratibu maana mbwa mwenye maumivu anamng'ata hata anaemlisha.

Akiinuka akatembea, watu wanashukuru Mungu wanaendelea na kazi. Hapo ndo naomba sana mnisikilize. Mwenye kovu usidhani kapoa. Umeme ukipita mwilini mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika, na mapafu yanaweza kujaa maji, na hayo maji sio lazima yaje saa ile ile, yanaweza kuanza baada ya masaa kadhaa, mpaka siku nzima na zaidi. Mpeleke kwa dokta wa mifugo siku hiyo hiyo hata akionekana mzima. Ukiwa nae nyumbani hesabu pumzi zake akiwa amelala, kifua kikipanda na kushuka hesabu moja, kwa kawaida haifiki 30 kwa dakika. Ikizidi hapo na inaendelea kuzidi, au anakohoa, anakaa amenyoosha shingo hataki kulala, fizi zinageuka bluu au nyeupe, usisubiri asubuhi.

Na mdomo ufunuliwe uangaliwe. Mbwa mmoja wa mteja wangu, wenyewe waliona kidonda ni kidogo kwa sababu hakikutoa damu, nilipomfunua pembeni ya mdomo nyama ilikuwa na rangi ya majivu imezungukwa na wekundu, na kwenye ulimi kuna mstari mweupe mahali waya ulipolala. Nyama iliyoungua na umeme inachukua siku mbili tatu kuonyesha ukubwa wake, inaanza kuoza, harufu, mate yanamtiririka, chakula anakisogelea anakiacha. Alitibiwa akapona lakini kwa muda mrefu alikuwa anakula uji tu. Tena jamani msimpe Panadol, wala ibuprofeni wala diklofenaki mlizobakiza nyumbani, hizo zinaweza kumharibia maini, tumbo na figo mkamuua kwa huruma.

Sasa kuzuia. La kwanza ni waya usiwe njiani kwake. Pandisha juu, juu kuliko anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma, na upigilie kwenye ukuta kwa klipu, au uupitishe ndani ya traki, ile mifereji ya plastiki ya kufunika waya inayouzwa hadweya. Kama pesa ya traki haijapatikana chukua paipu ya zamani ya kumwagilia maji, ipasue kwa urefu wake, laza waya ndani ufunge. Kabati au kochi zito lisukumwe mbele ya soketi ya chini, ila lisibane plagi. Usifiche waya chini ya kapeti au mkeka, unakanyagwa, joto halina pa kutokea, na moto wa nyumba unaweza kuanzia hapo. Na usiku chomoa, pasi na birika hazina kazi ya kulala kwenye soketi.

Muelewe pia waya sio wote sawa. Ule mwembamba wa simu unaotoka kwenye kichwa cha chaja una volti 5 au zaidi kidogo, huo haumuui kwa umeme, lakini akimeza vipande vya shaba na plastiki utumbo unaweza kuziba. Chaja ya laptopu, upande wa kwenye kompyuta ni kama volti 19 au 20, upande wa kwenye ukuta ni 240 kamili, na huo ndo mara nyingi umelala chini. Vijijini kwenye sola volti ni ndogo lakini betri kubwa waya zake zikigusana zinatoa cheche na kuungua, kwa hiyo nazo zifunikwe.

Watu wanapenda sana kuniuliza kuhusu pilipili. Sio njia ya kutegemea. Kuna mbwa wanazoea, kuna wanaoishia kujikuna macho mpaka yanavimba, na wewe uliepaka leo kesho unachomeka simu unajisugua jicho, au mtoto anashika. Utomvu wa njano wa alovera ni mchungu kweli lakini akiulamba sana anaharisha. Siki inasaidia kidogo, harufu ikiisha anarudi. Na chochote unachopaka, usipake waya uliochomekwa wala uliochubuka, unyevu na umeme mnajua wenyewe.

Kinachosaidia kweli ni kumpa kitu chake cha kutafuna. Wenye friji, kitambaa kizito kilichowekwa maji kikagandishwa kinapoza fizi, akae nacho mkiwepo, kikianza kuchanika mnyang'anyeni. Karoti mbichi nzima. Au kiazi kitamu, ambacho huku Busoga hatuna upungufu wake, kichemshe, kikate vipande vinene, kianike juani mpaka kiwe kama ngozi, mtoto wa mbwa atashughulika nacho muda mrefu na ni chakula. Mifupa iliyopikwa msimpe, hasa ya kuku, inapasuka ncha kali. Kwato za ng'ombe ni ngumu mno zinavunja meno, kitu ambacho ukikibonyeza na ukucha hakiachi alama ujue ni kigumu kuliko meno yake. Na magunzi ya mahindi, nawaomba, msiyatupe chini. Tunakula mahindi ya kuchoma gunzi tunamrushia mbwa, analimeza vipande vipande, haliyeyuki, linakwama kwenye utumbo na hapo ni oparesheni au kifo. Wala usimpe waya mbovu wa zamani achezee, hawezi kujua upi wa zamani upi mpya.

Kuhusu fimbo. Ukimpiga mbwa kwa sababu ya waya anachojifunza ni kwamba waya hautafunwi ukiwepo wewe. Atautafuna chini ya kitanda ukitoka, na sasa humwoni. Ukimkimbiza nao mdomoni anadhani ni mchezo, kesho atauchukua makusudi ili ukimbie tena. Mfundishe neno moja, "acha", na nyumba nzima mtumie hilo hilo, sio baba anasema acha, watoto wanasema toa. Anza na kitu ambacho hakina hatari, kiatu au kitambaa, mwonyeshe mukene mkononi, sema acha, akiachia mpe. Mfanye hivyo mara nyingi kwa siku lakini kwa muda mfupi, asichoke. Mtembezeni asubuhi na jioni akiwa amefungwa kamba na ameshachanjwa kichaa cha mbwa, mbwa aliechoka analala. Na mkitoka kama hamna wa kumwangalia, awe kwenye banda lenye kivuli na maji, mahali ambapo hakuna waya hata mmoja, asiachwe chumbani na ekstensheni.

Waya ambao umeshatafunwa hautengenezwi kwa selotepu. Zima, chomoa, weka waya mpya mzima kutoka kwenye kifaa mpaka plagi. Nunua waya wenye alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, hizi bei rahisi za barabarani shaba ndani ni nyembamba kama nywele na ganda lake mbwa analikata kwa meno ya utotoni. Kama ni waya wa ukutani, mtafute fundi mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kusimamia umeme. Na msikae mkisubiri shirika la umeme lije liwatengenezee, tangu Aprili 2025 ni shirika la serikali la UEDCL sio tena kampuni iliyoitwa Umeme, lakini kilichopo baada ya mita bado ni mzigo wako wewe na mwenye nyumba wako.

Wenye nyumba, nawaheshimu, wengi wenu ni wateja wangu. Mnapojenga chumba cha kupangisha, kabla fundi hajapiga plasta, ongezeni soketi. Kila ukuta uwe na moja, na ziwe juu, usawa wa kiuno, sio pale chini karibu na sakafu. Ukuta ukiwa bado matofali gharama yake ni ndogo sana kulinganisha na kuja kuchimba baadae, na mpangaji hatakuwa na sababu ya kutandaza ekstensheni chumba kizima. Nimeskia wengine wanawaambia wapangaji wafukuze mbwa kwa sababu wanaharibu waya. Mbwa akiondoka, mtoto anaetambaa atabaki, na panya watabaki, nao wanatafuna.

Na mafundi wenzangu, mkiitwa kwa kazi yoyote na mkaona kuna mbwa uani, ombeni ruhusa mkague waya za chini kabla hamjaondoka, hata kama hamlipwi kwa hilo. Mteja akikuambia fundi funga tu tepu nitanunua waya mwisho wa mwezi, kataa, chomoa hicho kifaa, mweleze kwa heshima kwa nini, na plagi ya waya uliotafunwa uikate uondoke nayo.

Ni mimi,
Fundi umeme, Walukuba, Jinja